Kuchukua nyumba kwa gaje (rehani) na kula kodi yake: ni biashara au ni riba?

SWALI: Assalaamu alaykum, shehe. Niko Goma, nauza vitenge Birere. Mume wangu alifariki akaniachia watoto watatu, wote wadogo, na dola 4,000. Wazazi wake walitangulia. Mbele ya ndugu zake alisema mimi ndiye nitunze pesa hizo. Tangu benki zifunge milango kwa vita mwezi wa kwanza 2025, pesa iko nyumbani na usingizi sina. Jirani ana nyumba Himbi, karibu na ziwa. Anataka nimpe zote 4,000, nichukue nyumba kwa gaje miaka miwili, niipangishe, hata kwa wageni wa siku mbili tatu wanaokuja kupumzika ziwani. Kodi iwe yangu. Mwisho ananirudishia 4,000 zangu nami namrudishia nyumba. Ustadhi wa mtaani anasema ni halali kwa sababu tumeridhiana na rehani iko ndani ya Qur'ani. Shemeji ananisukuma nitie sahihi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Mungu amrehemu marehemu na akulindie hao watoto. Usitie sahihi. Naanza na hilo kwa sababu unaharakishwa. Mengine utayasoma ukishatulia.

Swali la gaje limenifikia mara nyingi tangu pesa iwe adimu mjini, na kila mara linakuja na fatwa tayari mfukoni: fulani kasema halali. Basi leo nitazijibu hoja za huyo fulani.

Tuache jina, tuangalie kinachofanyika. Unatoa 4,000, unarudishiwa 4,000. Huo ni mkopo, karatasi iuite itakavyo. Katikati, kwa miezi 24, unakula kodi. Tuseme nyumba inapangishwa dola 150 kwa mwezi: hizo ni 3,600. Umekopesha 4,000 na mkononi zimeingia 7,600. Jirani angekuletea bahasha ya dola 150 kila mwisho wa mwezi juu ya deni lake, ustadhi wako angepanda mimbari kumlaani. Bahasha ileile imepitia kwa mpangaji, naye kanyamaza.

Anasema rehani iko ndani ya Qur'ani. Iko, Baqara aya ya 283, na Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri. Lakini deraya ile iliwekwa ili mwenye kudai atulie moyo, haikuwekwa ili aikodishe. Rehani inalinda deni. Pato lake linabaki kuwa la mwenye mali.

Watakuletea na hadithi ya Bukhari, kwamba mnyama wa rehani hupandwa na maziwa yake hunywewa kwa ajili ya gharama zake. Soma mpaka mwisho: anayepanda na kunywa ndiye anayegharimia. Mnyama asipolishwa atakufa. Nyumba ya Himbi inakula majani gani? Hata Imam Ahmad, aliyeichukua hadithi hiyo kwa dhahiri yake, aliifunga kwa kiasi cha lishe, si zaidi. Na kwa Bukhari huyohuyo kuna Sahaba Abdullah bin Salaam akimwonya Abu Burda: uko katika nchi ambayo riba imeenea, basi mdeni wako akikupa zawadi ya mzigo wa nyasi kavu, au shayiri, usipokee, kwani hiyo ni riba. Mzigo wa nyasi, mama. Wewe unapewa nyumba nzima, tena kwa sharti.

Ati mmeridhiana! Nani aliwahi kulipa riba bila kutia sahihi? Aliyebanwa huridhia chochote, na ndiyo maana sheria haikuiacha riba mikononi mwa ridhaa.

Waliosoma zaidi watasema kwamba wanazuoni wa Hadhramaut, Mashafii kama sisi, waliruhusu bei (yaani mauzo) ya uhda: unauza nyumba, mnunuzi anakula pato lake, ukirudisha pesa unarudishiwa. Na Mahanafi wa Bukhara walikuwa na bei ya wafaa, ya namna hiyohiyo. Ni kweli, na siwavunjii heshima. Walitafuta mlango kwa watu waliobanwa, na wale wa Hadhramaut hawakutaka sharti la kurudisha liingie ndani ya mkataba wenyewe. Karatasi yako sharti hilo ndilo mstari wa kwanza. Isitoshe, mlango huo tumeuona unakofika. Zanzibar ya karne ya 19 waliuita bei ya khiyari, na mashamba ya karafuu yakaishia kwenye daftari za wakopeshaji. Mwaka 1992, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokaa Jeddah, lilisema bei ya wafaa haifai, kwa kuwa uhalisia wake ni mkopo unaoleta manufaa. Huo ndio msimamo wangu.

Sasa linalonisumbua zaidi, ambalo ustadhi hakuligusa kabisa. Pesa hii ni ya nani? Marehemu ana watoto, kwa hiyo fungu lako ni thumni, moja ya nane: kama hakuacha deni wala wasia, dola 500. Zile 3,500, maadamu kuna mtoto wa kiume kati yao, ni za mayatima, na wewe ni wasii wao, yaani msimamizi wa mali yao. Ukiikopesha mali yao kwa faida, ni riba. Ukiikopesha bila faida, umemfanyia jirani hisani kwa mali isiyo yako. Pande zote mbili mlango umefungwa, na aya ya kutoikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora inakuhusu wewe moja kwa moja. Jirani ukimwonea huruma, mkopeshe kutoka kwenye 500 zako, na Mungu atakulipa.

Simaanishi pesa ilale ndani ya godoro. Sayyidna Umar alisema: fanyeni biashara kwa mali za mayatima, zisije zikaliwa na zaka. Kama unaitaka nyumba hiyo, ipange. Lipa kodi ya mwaka mapema; kwa kuwa anapata pesa taslimu, anaweza kukupunguzia, tuseme 100 kwa mwezi badala ya 150. Jumla ni 1,200, na hazirudi. Akuandikie ruhusa ya kupangisha wengine. Ikikaa tupu, hasara ni yenu. Ndiyo maana faida ikija nayo ni yenu. Na nyumba ikibomoka, ijara (mkataba wa kupanga) inavunjika na kodi ya miezi iliyobaki mnarudishiwa. Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa jambo hilo: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ya Mei 2021 ilifika pembezoni mkakimbia usiku.

Lakini hao wageni wa kupumzika ziwani usiwahesabu. Uwanja wa ndege umefungwa. Nani anakuja kuota jua? Tafuta familia ya kukaa. Usiwadai garanti ya miezi kumi kama wanavyofanya mabayeri (wenye nyumba) wengine; sheria ya Desemba 2015 imeweka miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, na garanti ni amana, hailiwi. Mgeni wa siku mbili akija, hujaamrishwa kumchungulia dirishani, ila aliyekwambia wazi anataka mahali pa pombe na zinaa, usimpe ufunguo.

Kabla ya yote, uone hati yenyewe ya parseli (kiwanja) kutoka kwa konservateri, afisa wa hati za ardhi, si fishi (karatasi) ya mtaa wala maneno ya komisyonere (dalali). Mke wa jirani atie sahihi naye. Wajane wengi wamepanga nyumba ambayo mwenyewe ni mwingine.

Ukiniuliza mimi, zilizobaki ningezitia katika vitenge. Hiyo ni kazi unayoijua: unajua kipi kinatoka sikukuu na kipi kinakaa rafuni. Chukua pesa ya watoto kwa mudharaba, yaani mtaji wao, kazi yako, faida mgawane; daftari lake liwe peke yake, fungu la faida mkubaliane mbele ya mashahidi wawili, mmoja awe kutoka ukoo wa baba yao. Usizitie zote kwa mkupuo mmoja.

Huyo shahidi anaweza kuwa shemeji yako. Mamlaka ya kukulazimisha hana, marehemu alikuchagua wewe naye akisikia. Kama ana neno, anipigie mimi, asikusumbue wewe. Wallahu a'lam.