Lubumbashi hadi Kinshasa: tiketi haidanganyi, ila haisemi yote

Yaya, umeniuliza kama ndege ya Lubumbashi hadi Kinshasa inachukua saa moja tu, kama tiketi inavyoonyesha. Hapana, si safari ya saa moja. Tiketi yako inasema unatoka Luano, uwanja wa ndege wa huku Lubumbashi, saa 4 asubuhi na kufika N'djili, uwanja wa Kinshasa, saa 5, lakini kila saa imeandikwa kwa majira ya mji wake. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Saa 5 ya kule, huku kwetu ni saa 6 mchana. Kwa hiyo utakaa hewani karibu saa 2, na ndivyo inavyopaswa: kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,550, na ndege ya jeti hukimbia kama kilomita 800 kwa saa, ukiongeza muda wa kupanda na kushuka.

Wakati wa kurudi ndipo watu huchanganyikiwa, maana tiketi itaonyesha kama saa 3. Mimi nilimwambia mdogo wangu anipokee Luano saa 9, nikiwa nasoma saa ya mkononi ambayo bado ilikuwa ya Kinshasa. Maskini, alinisubiri juani tangu saa 8, simu mkononi, nami nilitokea saa 10 kamili.

Ikiwa tiketi inataja kituo njiani, Mbuji-Mayi au Kananga, hesabu hiyo usiitumie.