Barua kwa mwanangu: Mara yangu ya mwisho hekaluni

Dodoma, Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako nikamsomea kwa sauti kwa kuwa miwani yake imevunjika tena. Umetueleza kwamba wewe na wenzako wa kazini mlikwenda kulitazama hekalu jipya la Nairobi kabla halijawekwa wakfu mwezi Mei, wakati milango ilipokuwa wazi kwa kila mtu. Mkavalishwa vifuniko vya plastiki juu ya viatu, mkaonyeshwa birika la ubatizo lililobebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili, mkapita katika vyumba ambavyo hakuna aliyediriki kuongea kwa sauti. Kisha mwenzako mmoja, aliyewahi kuwa muumini wa kanisa hilo na sasa si muumini tena, akakusimulia siku yake ya mwisho hekaluni huku machozi yakimtoka. Ndipo ukakumbuka kwamba mama yako naye aliwahi kuingia mahali kama pale, ukaniuliza mambo mawili: je, nilijua kwamba ile ilikuwa mara yangu ya mwisho? Na kwa nini sikurudi?

La kwanza jibu lake ni fupi. Sikujua. Hakuna aliyeniaga wala mimi sikumuaga mtu, na nilipotoka nilikuwa nikiwaza zawadi za kuwanunulia ninyi kabla ya kurudi uwanja wa ndege. La pili ndilo linalohitaji barua.

Ulikuwa mdogo nilipojiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi huliita la Wamormoni, wakati tulipokuwa tunaishi Dar es Salaam. Baba yako, Mwanglikana aliyebatizwa akiwa mchanga, hakunifuata na hakunizuia. Kilichomkera ni chai tu. Kanisa hilo lina kanuni iitwayo Neno la Hekima, inayotokana na ufunuo ambao Joseph Smith, mwanzilishi wake, alisema aliupokea mwaka 1833, na kwa kanuni hiyo muumini hanywi pombe, havuti tumbaku, wala hanywi chai na kahawa. Mvinyo wa Dodoma sikuwa na shida nao, lakini kukataa kikombe cha chai ya maziwa msibani, mbele ya mawifi, ni jambo ambalo mpaka leo naona lilihitaji imani kubwa kuliko kufunga na kuomba.

Wakati huo hekalu la Nairobi halikuwapo. Sisi wa huku tulikwenda Johannesburg, kwenye hekalu lililofunguliwa mwaka 1985, la kwanza katika bara zima la Afrika. Huko hakuingii mtu hivi hivi kama anavyoingia katika jengo la ibada ya Jumapili. Ni lazima uwe na kibali, kikaratasi kidogo ambacho hudumu miaka miwili, na hukipati mpaka uhojiwe na viongozi wa ngazi mbili, mmoja baada ya mwingine, wakikuuliza kuhusu imani yako, zaka yako, Neno la Hekima, na kama wewe ni mwaminifu katika mambo yako na watu. Ninyi mlioingia siku za maonyesho mliingia kwa mlango ambao sasa umefungwa kwenu, na kwangu pia.

Safari yangu ile ya mwisho, mwaka 2015, ilikuwa kwa ajili ya bibi yangu aliyenilea kule Mpwayungu. Wewe hukumkuta. Hakuwahi kubatizwa katika dini yoyote. Yeye alijua tambiko, mtama, ng'ombe na mvua. Wamormoni wanafundisha kwamba aliyekufa bila kuipokea injili anaweza kufanyiwa ibada na mtu aliye hai, akasimama mahali pake, na huko aliko roho yake ina hiari ya kukubali au kukataa. Ubatizo wake nilikuwa nimekwisha kuufanya katika safari ya kabla ya hapo, na kilichobaki ni ibada ndefu iitwayo endaumenti.

Kumwandikisha hakukuwa kazi nyepesi. Fomu ilidai mwaka wa kuzaliwa, na bibi alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyoivamia Ugogo kuanzia 1917, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Alichoambiwa na mama yake ni kwamba alizaliwa Mtunya ikiwa katikati. Nikaandika yapata 1918. Sharti jingine lilikuwa kwamba kwa mtu aliyezaliwa katika miaka 110 iliyopita lazima ndugu yake wa karibu aliye hai atoe ruhusa, na ndugu huyo ni mjomba wangu, yule unayemwita babu. Nilimkuta anachambua karanga uani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapepeta maganda, kisha akaniuliza, "Na mwenyewe umemuuliza?"

Nikamweleza kwamba bibi atakuwa na hiari ya kukataa. Mjomba akasema mama yake hakuwa mtu wa kukataa chakula mbele ya wageni hata kama hakukipenda, hivyo hiari hiyo yeye haiamini sana. Ruhusa alinipa, lakini swali lake lilinifuata hadi Johannesburg. Baadaye nilijua kwamba hakuwa peke yake duniani: Wayahudi walikuwa wamelalamika kwa sababu ndugu zao waliouawa na Wanazi walibatizwa kwa namna hiyo bila familia kuulizwa, na mwaka 1995 kanisa likakubaliana nao kwamba jambo hilo likome.

Sasa nikueleze siku yenyewe, kwa kiasi ninachoweza. Kuna maneno na ishara ambazo niliahidi kutozitoa nje ya hekalu, nami sitazitoa, ingawa najua zimeandikwa kila mahali na ukizitafuta utazipata. Ahadi niliitoa mimi, haikutolewa na imani yangu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kila mtu huvaa nguo nyeupe tangu shingoni hadi miguuni, tajiri na maskini wakawa sawa, na kwamba wakati ule tuliketi wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, tukatazama filamu ya kuumbwa kwa dunia na ya Adamu na Hawa, tukisimama mara kwa mara kufanya maagano. Mkononi nilikuwa na kikaratasi cha rangi ya waridi, rangi ya majina ya wanawake, kimechapwa jina la bibi yangu. Jina hilo, ambalo hata sisi wajukuu hatukulitamka ovyo, lilitamkwa na mzee mmoja ambaye hakuweza kulitamka sawasawa, akarudia mara mbili kwa heshima kubwa. Nilimpenda mzee yule.

Mwisho wa ibada watu huingia katika chumba cha Selestia, ambacho ni mfano wa mbinguni: viti vya kitambaa laini, taa kubwa ya vioo, maua, na hakuna shughuli yoyote zaidi ya kukaa na kusali. Hapo ndipo wengi hupata amani yao, na mimi pia niliwahi kuipata. Siku ile nilikaa nikimngoja bibi, lakini aliyekuja akilini mwangu ni Jane Manning James.

Huyo alikuwa mwanamke mweusi wa Marekani, aliyejiunga na kanisa hilo mapema, akaishi nyumbani kwa Joseph Smith kule Nauvoo, mji wa Wamormoni wakati huo, akavuka nyika pamoja na wenzake hadi Utah. Tangu 1852, chini ya Brigham Young, kiongozi aliyemfuata Joseph Smith, watu weusi walizuiwa kupewa ukuhani na kupokea ibada hizi za hekalu. Jane aliomba, akaomba tena, kwa miaka mingi. Aliruhusiwa kubatizwa kwa ajili ya wafu wake, lakini ibada zake mwenyewe alinyimwa. Mwaka 1894 walimkubalia jambo moja la ajabu: aunganishwe na familia ya Joseph Smith kama mtumishi wake wa milele, na hata hapo hakuruhusiwa kuingia, mwanamke mzungu akasimama mahali pake. Alifariki 1908. Katazo liliondolewa Juni 1978, miaka saba tu kabla ya hekalu la Johannesburg kufunguliwa. Sehemu ya habari hizi niliisoma katika makala ambayo kanisa lenyewe lilichapisha Desemba 2013, ambamo lilizikana nadharia za zamani kuhusu ngozi nyeusi. Nyingine nilizitafuta mwenyewe.

Nikiwa kwenye kile kiti laini niliwaza kwamba Jane aliomba akanyimwa, na bibi yangu hakuomba akapewa, na katika mambo yote mawili aliyeamua ni mtu mwingine. Sikukasirika. Watu walionipokea pale walikuwa wema, na waliomfungia Jane mlango walikuwa wamekufa zamani. Ila lile swali la mjomba, ambalo hadi hapo nililiona la kijijini, nilitambua kwamba sina jibu lake.

Nikarudi Dodoma, nikaendelea kusali na waumini wenzangu kwa muda. Kibali kilikaa kwenye mkoba, pamoja na risiti na kitambulisho cha mpiga kura, mpaka kikaisha muda wake. Kupata kipya kulitaka nihojiwe upya, na nilijua nitaulizwa kama nina ushuhuda kwamba mambo haya ni ya kweli, halafu nitaulizwa kama mimi ni mwaminifu. Sikuweza tena kujibu yote mawili kwa ndiyo. Kwa hiyo sikwenda kuhojiwa, na hivyo ndivyo ile safari ya bibi ilivyogeuka kuwa ya mwisho.

Tangu hapo nimezungumza na wengine waliotoka, wachache wa huku na wengine wa Kenya na Marekani, na ninaona kwamba mara ya mwisho ya kila mmoja inafuata kile alichokipenda au kilichomchoma. Wanawake walioacha kwenda kabla ya Januari 2019, ibada ilipobadilishwa, hutaja maneno yaliyomweka mke nyuma ya mumewe. Wapo waliojua historia, kwamba Joseph Smith aliingia Freemason, chama chenye ibada zake za siri, mwezi Machi 1842 na Mei ya mwaka huo huo akaanzisha endaumenti, wakakaa ibada nzima wakizilinganisha hizo mbili. Lakini wengi zaidi walikwenda mara ya mwisho kwa ajili ya arusi ya mtoto, wakiwa hawaamini tena, kwa sababu asiye na kibali hashuhudii mwanawe akiunganishwa, yaani akifungishwa ndoa ya milele hekaluni. Hukaa nje na wajomba na watoto wadogo. Kabla ya Mei 2019, huko Marekani, maharusi waliotaka kufunga kwanza ndoa ya kiserikali mbele ya familia yote walilazimika kungoja mwaka mzima ndipo waingie hekaluni. Huenda machozi ya mwenzako yanatoka upande huo. Usimuulize; akitaka atakuambia.

Umegusia pia kama nimekwisha kujiondoa rasmi. Hapana. Jina langu bado limo katika kumbukumbu za kanisa, na anayetaka liondolewe huandika barua ya kuomba hivyo. Sijaiandika, kwa sehemu kwa uvivu, na kwa sehemu kwa sababu sina ugomvi na mtu. Nilimweleza babu yako kwamba siku nikiandika, ibada zangu zitafutwa, lakini za mama yake zitabaki pale pale, kwa kuwa zilifanywa kwa jina lake. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi Mmormoni wa ukoo huu atakuwa ni mama yake, naye hana habari.

Wako,
Mama