Mandari ya vyombo vidogo: tarehe iulize bahari

Juzi kijana mmoja wa Kilifi ameniandikia. Anasema wana kikundi chao, ngalawa sita, mitumbwi kadhaa na mashua moja ya kukodi, na kila wakiitisha mandari ya baharini, yaani matembezi ya pamoja na chakula, watu wanakuja watatu au wanne, wengine wanatoa udhuru. Ameziona picha za Jumamosi iliyopita, vyombo 17 vimejipanga ubavu kwa ubavu kwenye mkono wa bahari wa Takwa, akaniuliza: "Kaka, nyinyi Lamu mnafanyaje?"

Nimemjibu kwa ufupi, lakini usiku nikakosa usingizi, kwa sababu jibu la kweli si fupi. Jibu la kweli linaanzia siku tuliyopwelewa, maji yakatoka yakatuacha na vyombo vyetu topeni. Sijawahi kuiandika. Leo naiandika.

Kwa wasioijua Takwa: ni mji wa kale katika kisiwa cha Manda, magofu ya msikiti wa Ijumaa, nyumba za mawe ya matumbawe na kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683 Miladia. Watu walihama, na wazee wetu husema Washela wengi, watu wa kijiji cha Shela kisiwani Lamu, asili yao ni pale. Ukitoka Lamu unavuka mlango wa bahari, kisha unaingia ndani ya mikoko kwa njia ya maji inayozidi kuwa nyembamba mpaka upepo unakufa na tanga linalegea, unashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Maji yakiwa yamejaa, chombo kinafika karibu kabisa na magofu. Yakipwa, pale ni tope tupu. Kila mtoto wa Lamu analijua hilo. Mimi pia nalijua tangu nina miaka saba, na ndiyo maana hadithi hii bado inaniuma.

Nilikuwa nimechaguliwa katibu wa klabu yetu miezi minne tu. Klabu yenyewe haina jengo wala bendera. Ni watu wenye vyombo vidogo na mapenzi ya bahari: mashua, vidau, mitori, mmoja ana boti ya faiba yenye mashine ya farasi 15. Nilitaka tuonekane. Nadhani unaelewa, maana hata wewe unayesoma hapa unataka siku moja utoe klabu yenu kwenye kijiwe cha kahawa iwe kitu ambacho watu wanakizungumza mpaka Mombasa. Basi nikaitisha mandari kubwa. Mchango shilingi 500 kwa kila mtu. Fulana. Spika ya muziki. Na mgeni rasmi, mkubwa mmoja ambaye sitamtaja, aliyekubali kuja kwa sharti kwamba iwe Jumamosi alasiri kwa sababu asubuhi alikuwa na shughuli.

Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 14 ya mwezi mwandamo. Nilifurahi. Nikasema tutarudi na mbalamwezi, picha zitakuwa nzuri.

Asubuhi tukiwa gatini tunapakia sufuria za wali na birika za kahawa, alikuja ami mmoja, mzee mwenye kidau kidogo kuliko vyote katika klabu, chombo cha kubeba watu wanne wakijibana. Alikuwa baharia wa majahazi ya boriti zamani. Akanivuta pembeni akaniambia taratibu, "Mai ya bamvua haya, mwanangu. Yakitoka hutoka mbio." Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Nikamjibu mbele ya vijana, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Ami, ratiba imeshapangwa." Hakunijibu. Akaenda kukaa kwenye kidau chake, akashika kopo akaanza kufua maji, kuyatoa chomboni.

Kuna jingine. Katika mpangilio wa kuondoka, niliweka mashua kubwa mbele na vidau nyuma, ili picha ya kwanza ionyeshe matanga makubwa. Ami wangu alikuwa wa mwisho kabisa.

Tulifika Takwa saa tisa na nusu. Maji yalijaa saa kumi, yakasimama, mazuri, ya kijani, yakigusa majani ya chini ya mikoko. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Chakula kikangoja. Watoto wakaanza kulia njaa, mama zao wakawapa kaimati kwa siri. Saa kumi na moja kasorobo ikasikika mashine, boti yake ya kasi ikaingia, tukapiga makofi. Risala ikasomwa. Akahutubia. Alisema mengi kuhusu uchumi wa buluu. Nilikuwa nimesimama kando yake, uso kwa watu na mgongo kwa maji, na niliyemwona ni ami tu, amesimama nyuma ya umati, hamtazami mgeni. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Tulimaliza kula kwenye saa kumi na mbili na robo. Boti ya mgeni ilitoka kwanza, mashine imeinuliwa nusu, nyuma yake maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo nilipogeuka nikaona.

Mashua yangu ilikuwa imelala ubavu. Kopo la kufulia maji lilikuwa limebingirika mpaka kona ya tezi, nyuma ya chombo, na kamba ya nanga, ambayo tulipofika ilikuwa imekazwa kuingia majini, sasa ilikuwa imelala juu ya tope kama mkufu uliosahauliwa. Vitundu vya kaa vilikuwa vinatoa sauti ile ya kupasuka pasuka unayoisikia mikokoni maji yakitoka. Tulisukuma. Watu 12 kwenye chombo kimoja, tope hadi magoti, mtu akiacha kiatu ndani hakioni tena. Hakikusogea hata shibiri.

Vyombo saba vilipwelewa. Vilivyotoka vilikuwa viwili tu, vidau, kwa sababu havihitaji maji mengi na kwa sababu wenyewe walikuwa wameshavirudisha nyuma kidogo kidogo wakati sisi tunasikiliza hotuba. Ami ndiye aliyechukua watoto. Alikwenda na kurudi mara mbili mpaka pale njia ya maji ilipokuwa bado na kina, akawapakia kwenye chombo cha mvuvi aliyekuwa anapita. Hakuniambia neno.

Sisi tuliobaki tulikaa pale mpaka saa nane usiku. Mbu wa Takwa siwaelezi. Nyie wa mbali mnaweza kuona ni kisa kidogo, lakini Lamu hii, sisi tulioishi miaka ya marufuku ya kuvua usiku, chombo kisiporudi magharibi watu hawalali. Mama yangu alikuwa amekaa barazani na tasbihi hadi nilipobisha hodi. Hakunikemea. Alinishika kichwa tu, akaingia ndani.

Asubuhi yake nikakuta kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe wa sauti wa dakika mbili, wa mwenzangu ninayemheshimu, akisema Lamu imepata katibu asiyejua maji kujaa na kupwa. Watu wakaweka alama za kucheka. Wanachama 11 walitoka ndani ya wiki moja. Nimemsamehe, nasema kweli, lakini hajawahi kuniomba radhi, na kila tukipishana pale soko la samaki nalisikia lile neno upya.

Sasa kijana wangu wa Kilifi, ushauri wangu ni huu. Tarehe ya mandari usiipange kwa kalenda ya ukutani. Ipange kwa mwezi. Anza na maji, kisha tafuta siku, kisha ndiyo uulize watu. Sisi tulifanya kinyume: tulianza na mtu, tukatafuta siku, maji tukayasahau.

Hesabu yenyewe wazee wetu wameibeba kichwani miaka mingi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Bamvua la pwani yetu hushuka karibu mita tatu kwa saa sita, na hayashuki sawasawa: saa ya kwanza huoni kitu, ya pili unaanza kushtuka, ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Ndiyo maana tuliridhika pale tukisikiliza hotuba. Katika saa ile ya kwanza bahari ilikuwa kama haijaondoka.

Siku yetu nzuri sasa ni tarehe 11 ya mwezi mwandamo, au 12 ikibidi. Maji yanajaa kati ya saa saba na nusu na saa nane na nusu mchana, mengi ya kutosha kuingia mikokoni, na hayajafikia ukali wa bamvua. Unaingia nayo yanapokuja, unakula yakiwa yamesimama, unatoka nayo yakianza kuondoka, yanakusaidia. Ikiangukia Jumanne, basi ni Jumanne. Wenye kazi za ofisi walinung'unika. Niliwaambia tungoje mwezi mwingine mpaka iangukie Jumamosi, na Jumamosi iliyopita ikaangukia.

Kitu kingine ninachokifanya, na hiki nimejifunza kwa ami. Tukifika tu, nachomeka upondo kwenye tope karibu na chombo kikubwa kuliko vyote, na maji yakishajaa nafunga uzi mwekundu pale yalipofika. Mtoto mmoja anapewa kazi ya kuutazama. Uzi ukiwa juu ya maji kwa kiganja kimoja, anapiga filimbi. Filimbi ikilia tunaondoka, hata kama samaki bado yuko motoni, isipokuwa kuna mtu anaswali, tunamngoja huyo tu. Jumamosi alikuwa binti yangu wa miaka tisa. Alitazama ule uzi bila kupepesa, akakataa hata soda.

Na achana na mgeni rasmi. Sina chuki na wakubwa. Wakitaka kuja waje na chombo chao na sufuria yao kama sisi. Lakini ukishamweka mtu mmoja ndiye sababu ya siku, vyombo vyote 17 vinamngoja yeye, na bahari haina habari naye. Achana na mchango pia. Mchango unafanya watu waulize fedha zimekwenda wapi. Sisi sasa kila chombo kinakuja na chake: mmoja na samaki, mmoja na wali wa nazi, mmoja na maji ya kunywa na ukwaju, mzee mmoja kazi yake ni kahawa na tende tu. Watu wanakuja wengi kuliko zamani kwa sababu hakuna anayehisi ameitwa kupamba shughuli ya mtu. Takwa iko chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo wasimamizi waarifuni mapema na kiingilio kila mtu ajilipie.

Kuhusu maboya ya kuvaa nina neno moja tu: kila mtu avae. Vijana wetu wana ugonjwa wa kusema "mimi mtoto wa pwani, najua kuogelea". Ndugu yangu, kuogelea unajua ukiwa mzima, mchana, karibu na ufuko. Ukipigwa kichwani na foromali, ile boriti inayobeba tanga, hujui tena kitu. Tumezika watoto wa pwani wengi waliojua kuogelea. Mwenye chombo asiyekuwa na maboya ya watu aliowapakia, mimi simpi nafasi kwenye msafara, awe rafiki yangu, awe shemeji yangu, na shemeji nimeshamrudisha mara moja.

Na msafara upange vidogo mbele. Hili nalirudia: vidogo mbele. Mwendo wa wote uwe mwendo wa kidau cha mwisho, na mikokoni atangulie anayehitaji maji machache, yeye ndiye atakayekuonyesha palipo na kina. Tukiwa na watu tunaowaita klabu halafu tunawaacha wenye vyombo vidogo wapigwe na mawimbi ya wenye mashine, hiyo si klabu. Tujirekebishe. Nasema na mimi mwenyewe kwanza.

Baada ya usiku ule ilinichukua wiki tatu kwenda kwa ami. Nilimkuta pwani, kidau kimeinuliwa juu ya magogo, anakalafati, pamba anaisukuma kwenye mshono wa ubao kwa patasi butu, gonga, gonga, hainui kichwa. Nikamsalimu shikamoo. Akaitikia. Nikasema, "Ami, nimekosa. Uliniambia na nikakukata maneno mbele ya watu." Akaendelea kugonga mpaka akaumaliza ule mshono. Kisha akanipa bakuli la mafuta ya papa akasema nipake, yeye mgongo umechoka. Nilipaka mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo tarehe za mandari tunazipanga wawili, barazani kwake, na mimi huandika tu.

Jumamosi iliyopita alitangulia yeye. Tuliingia saa saba kasoro, filimbi ikalia saa tisa kasorobo, saa kumi na moja wote tulikuwa tumeshafunga kamba gatini, na wanachama wanne kati ya wale 11 waliotoka walikuwepo.

Inayofuata ni tarehe 11 ya mwezi mwandamo ujao, tukijaaliwa, na Jumapili au Jumatatu ndivyo hesabu inavyokuja. Kijana wa Kilifi, ukiweza kufika utapanda na mimi. Njoo na boya lako na kopo la kufulia maji, maana mashua yangu inavuja kidogo upande wa tezi na sijapata nafasi ya kuipandisha.