Barua kwa Mwanangu: Kabla ya Miaka 40

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Barua yako kutoka Nairobi nimeisoma mara mbili, na sikutaka kukujibu kwa simu, kwa maana jambo hili ni la kuwekwa na kurudiwa. Umeniuliza: ikiwa Marekani wenyewe wamesema mwanamke aanze kupigwa picha ya matiti ya kutafuta saratani, yaani mamografia, afikapo miaka 40, wewe mwenye miaka 31 una haja gani ya kujisumbua sasa?

Ni kweli kwamba mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kinga wa huko liliuteremsha umri huo kutoka 50 hadi 40, likapendekeza mamografia kila baada ya miaka 2 mpaka miaka 74. Lakini tazama maneno hayo yanamhusu nani: ni mwanamke asiye na dalili, na ambaye hatari yake ni ya kawaida. Aliyeona uvimbe hamo. Huyo, awe na miaka 22 au 62, hasubiri umri, anakwenda kupimwa. Na huko huko Marekani, wanawake weusi hufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango kinachowazidi weupe kwa takriban asilimia 40, ilhali wanaougua ni wachache kidogo kuliko weupe. Sababu moja imo mwilini, kwani ile aina inayokua haraka na isiyosikia dawa za homoni huwapata weusi karibu mara mbili zaidi, na mara nyingi wangali vijana. Nyingine ziko nje ya mwili: bima, umbali, majibu yanayocheleweshwa. Kwa hiyo chama cha wataalamu wa radiolojia wa huko kinataka kila mwanamke, na hasa mweusi, apimiwe kiasi cha hatari yake kabla hajapita miaka 25. Wewe umeshaipita kwa miaka 6.

Sasa nikwambie tulilolificha. Khalati yako, dada yangu, alipofariki ulikuwa mdogo, na nyumbani tulisema ni ugonjwa wa kifua. Haikuwa hivyo. Alikuwa na miaka 34, ananyonyesha, tukiishi Majengo. Jioni moja alifunga mlango, akalegeza leso, akakishika kidole changu na kukiweka ubavuni mwa titi la kushoto, karibu na kwapa. Nikagusa kitu kigumu kama kokwa ya ukwaju, kisichokimbia kidole, na alipokibonyeza hakusikia maumivu yoyote. Kwa kuwa hakimuumi, tukatulia. Hilo ndilo kosa langu mimi. Zahanati aliyokwenda baadaye ilimwambia ni maziwa yaliyoganda, ajikande kwa maji moto, na hakuna aliyemwandikia hata altrasaundi, kwa sababu alionekana kijana mno. Ikapita miezi 8. Tulipofika hospitali kubwa, ngozi ya titi ilikuwa imejaa vishimo kama ganda la chungwa. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kwa daktari mara ya kwanza. Hesabu mwenyewe khalati yako alipoteza ngapi.

Usidhani kila uvimbe ni saratani. Kwa wasichana wa umri wako vingi si saratani, lakini hilo husemwa na kipimo, halisemwi na mtu aliyekutazama tu usoni. Aghalabu vijana huanza na altrasaundi, kwa kuwa nyama ya matiti yao imeshikana zaidi na katika mamografia hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe, basi uvimbe hujificha ndani ya weupe huo. Ikibaki shaka, huchukuliwa kinyama kwa sindano kikapimwe maabara. Wakikuambia ni mchango au maziwa bila kukupima, waombe kwa adabu waandike hivyo kwenye kadi yako, kisha uende kwingine siku hiyo hiyo.

Hata kama huna dalili, nenda kwa daktari mwezi huu akupapase matiti na akuhesabie hatari yako, na umtajie khalati yako na umri wake. Tena usidhani ni upande wangu tu, kwani kasoro za jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazozidisha hatari ya saratani ya matiti, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Watu wengi wa hapa hawalijui hili, na mabinti hawaulizi kabisa upande wa kuumeni.

Ndani ya bahasha nimetia karatasi yenye majina ya wanawake wa kwetu, na umri wa kila mmoja alipougua. Yupo ndugu yake bibi, ambaye siku zote tuliambiwa alikufa kwa jipu la titi. Nimemwandika vivyo hivyo, daktari ataamua. Shangazi yako wa Lamu nimempelekea ujumbe kuhusu upande wa baba yako. Akinijibu, nitakutumia usiku huo huo.

Mama yako