Metronidazoli ya usoni: daktari hajakosea

Dada, umeuliza kwa nini umeandikiwa metronidazoli ya kupaka usoni wakati unaijua kama Flagyl ya tumbo. Ni dawa ileile, ila kwa rozasia (ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni) hutumika jeli au krimu yake, ya asilimia 0.75 au 1, kutuliza uvimbe wa ngozi. Usisage vidonge ukapaka, tafadhali! Na uipe kama wiki 8 kabla hujaikatia tamaa.

Hayo maneno mengine kwenye karatasi yako: papuli ni vipele vigumu visivyo na usaha, pastuli vina usaha. Telanjiektasia ni vile vimishipa vya damu vyembamba kama nyuzi puani na mashavuni; hivyo krimu haiviondoi, hutibiwa kwa leza.

Ngozi nyeusi huficha wekundu, ndiyo maana wengi wetu tunaambiwa ni chunusi tu. Angalia kama uso unapata joto na kuchoma ukitoka juani au ukinywa chai ya moto.

Kinachonitia hofu ni hiyo krimu ya kung'arisha uliyoitaja. Ikiwa ina klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi kali, uso hutulia siku chache kisha hulipuka vibaya zaidi. Mpelekee daktari hiyo tyubu aione.