Maswali na Majibu: Persha Liha ya Ukraine, Msimu wa 2022/23

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya Persha Liha, ngazi ya pili ya soka la Ukraine. Naanza na lile lisilokwisha.

Nani alikuwa bingwa wa 2021/22? (Mwanza)

Hakuna. Ligi ilikuwa kwenye mapumziko ya baridi Urusi ilipovamia Februari 24, 2022, na msimu ukafungwa bila bingwa. Metalist Kharkiv na Kryvbas, waliokuwa juu ya msimamo, walipanda Ligi Kuu kuziba nafasi za Desna Chernihiv na Mariupol, ambazo hazikuweza kuendelea. Kuongoza msimamo siyo ubingwa. Tafadhali, swali hili lisirudi.

Nimehesabu mechi za Polissya Zhytomyr msimu wa 2022/23, napata 22. Msimamo wa mwisho unaonyesha 14. Nani kakosea? (Nakuru)

Hakuna aliyekosea, ila wewe umesoma msimamo kabla ya kusoma kanuni. Klabu 16 ziligawanywa makundi mawili ya nane. Kila moja ilicheza nyumbani na ugenini na wenzake saba, jumla mechi 14. Nne za juu katika kila kundi zikaingia kundi la kupanda daraja, nne za chini zikaenda kupigania kutoshuka.

Hatua ya pili ndipo watu wanapopotea. Klabu haikurudia mechi na zile ilizotoka nazo kundi moja. Ilibeba matokeo dhidi ya tatu zilizofuzu pamoja nayo (mechi 6), kisha ikacheza na nne za kundi la pili nyumbani na ugenini (mechi 8). Sita na nane ni 14. Zile mechi 8 dhidi ya walioangukia chini zimechezwa, lakini pointi zake hazimo kwenye msimamo wa mwisho.

Ukitaka kuujenga upya mwenyewe, kwanza futa matokeo yote dhidi ya waliobaki chini, kisha ndiyo uongeze ya hatua ya pili. Ukianza kwa kujumlisha kila kitu, klabu iliyowafunga wanyonge mabao mengi itaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Mabao ya mfungaji, kwa upande wake, huhesabiwa kwa mechi zote 22, kwa hiyo usitegemee orodha ya wafungaji ilingane na mabao ya kwenye msimamo. Timu zikilingana pointi, usikimbilie tofauti ya mabao kwa mazoea ya ligi unayoijua. Fungua kanuni za msimu huohuo, maana zimekuwa zikibadilishwa mara kwa mara tangu vita vianze.

Walipanda wangapi? (Zanzibar)

Watatu. Polissya bingwa na Obolon Kyiv wa pili walipanda moja kwa moja. LNZ Cherkasy walipita kwa mchujo dhidi ya klabu ya Ligi Kuu, wakiiangusha Inhulets. Metalurh Zaporizhzhia walijaribu njia hiyohiyo, Veres, nayo ya Ligi Kuu, ikawazuia. Inhulets walishuka, wakatwaa Persha Liha ya 2023/24 na kurudi juu baada ya msimu mmoja. Klabu ya mji mdogo wa Petrove kufanya hivyo katikati ya vita inastahili heshima kuliko inayopewa.

Metalist na Metalist 1925 si timu moja? (Kigoma)

Hapana, ni timu mbili. Metalist 1925 iliundwa 2016 klabu ya zamani ilipoanguka. Ile nyingine ilijengwa juu ya klabu iliyoitwa Metal. Msimu wa 2022/23 zote mbili zilikuwa Ligi Kuu. Ukinakili jina, nakili na namba yake.

Mechi moja inawezaje kuchukua zaidi ya saa nne kuisha? (Bujumbura)

King'ora cha anga kikilia, mwamuzi anasimamisha mchezo na wachezaji wanashuka kwenye handaki mpaka hatari ipite. Agosti 24, 2022, Rukh Lviv na Metalist, mechi ya Ligi Kuu, walitumia saa 4 na dakika 27. Ngazi za chini mambo ni hayohayo, bila kamera. Misuli inapoa, na kurudi kwa kasi mapema mno ndiko kunakochana misuli ya paja. Kocha mwenye akili hudai muda wa kupasha mwili upya.

Mechi zinaanza saa ngapi kwetu? (Dar es Salaam)

Majira ya joto saa za Kyiv na Dar zinalingana. Baridi wao wako nyuma kwa saa moja, hivyo saa saba mchana kwao ni saa nane kwako. Mechi nyingi ni za mchana kwa sababu ya amri ya kutotoka nje usiku na uhaba wa umeme.

Wakala anataka dola 1,500 ampeleke mdogo wangu wa miaka 17 kwa majaribio, pamoja na tiketi ya ndege Nairobi–Kyiv. (Mombasa)

Usimpe hata senti. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu Februari 24, 2022, kwa hiyo tiketi hiyo haipo. Watu huingia kwa nchi kavu, wengi kupitia Poland, na kwa pasipoti ya Kenya hiyo ni viza ya Schengen, kisha viza ya Ukraine. Pili, FIFA inazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache ambazo mdogo wako hana. Tatu, hati ya uhamisho hupitishwa kati ya mashirikisho mawili ya soka, haibebwi na wakala kwenye bahasha.

Mtanzania Novatus Dismas alipoenda Shakhtar ya Ukraine mwaka 2023 alitoka kwa mkopo Zulte Waregem ya Ubelgiji, klabu kwa klabu. Lisake jina la huyo wakala kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya FIFA, iko wazi kwa kila mtu. Usipoliona, peleka ujumbe wake polisi, na pasipoti ya kijana ibaki nyumbani.