Chema Chajiuza, Ila Kionjwe Kwanza

SWALI

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Ngamiani, Tanga, na natengeneza achari ya embe na ndimu. Mtaani nauza chupa moja shilingi 2,500, na Ramadhani ikifika oda zinanishinda. Mwezi uliopita nilipeleka chupa moja kwenye duka kubwa mjini. Msimamizi akaniuliza, "Bei ya jumla ngapi? Nikitaka mia kwa mwezi utaziweza?" Nikababaika, nikamwambia yoyote atakayoona yeye. Akataja 2,200, malipo baada ya siku 30. Nimemwambia nitamjibu. Mama alitulea kwa msemo wa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kweli nikianza kusifu kitu changu naona haya. Nataka pia kujaribu hoteli moja ya Raskazone. Kaka yangu ni mtu wa maneno, nimtume yeye? Gharama zangu nimeziandika nyuma ya barua.

Mpika achari, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kaka yako tutamfikia. Kwanza tukae kwenye bei, maana ndipo sauti ilipokukauka. Msimamizi alikuuliza jambo ambalo jibu lake hukuwa nalo, na hakuna mtu anayesema kwa sauti kamili asichokijua. Nimeuza mikeka na vikoi Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, kwa miaka mingi. Nimewaona wanawake wapole, wasiopaza sauti hata wakiitana, wakimwambia mnunuzi wa jumla "kwa bei hiyo siwezi," na mnunuzi akaongeza. Walikuwa na daftari chini ya meza.

Sasa tulifungue lako. Chungu kimoja kinakupa chupa 40. Embe na ndimu 18,000, viungo na mafuta 14,000, chupa tupu 24,000, lebo 6,000, gesi 5,000, nauli 5,000. Jumla 72,000, yaani 1,800 kwa chupa. Ukiuza 2,200 unaona umebakiwa na 400, moyo unatulia. Lakini zile siku mbili za kumenya, kukata, kuanika, kupika na kujaza ziko wapi? Hukuziandika. Ungemlipa binti wa jirani 10,000 kwa siku, chungu kingefika 92,000 na chupa 2,300. Kwa bei ya yule bwana, kila chupa inayotoka kwako inaondoka na shilingi mia yako. Tena ni mali kauli: mtaji wako unalala dukani kwake siku 30 huku embe zinapita sokoni na huna cha kununulia. Jambo hili limeniuma kulisoma, kwa sababu wewe si wa kwanza. Wanawake wengi wanaoniandikia wanahesabu kila kitu isipokuwa mikono yao.

Rudi kwake. Msalimie vizuri, usiombe radhi kwa kuchukua muda, kisha sema: "Bei yangu ya jumla ni 2,600. Mia kwa mwezi naziweza, nitaleta hamsini kila wiki mbili. Hamsini za kwanza nakupa mali kauli. Kuanzia mzigo wa pili nalipwa ninaposhusha." Halafu nyamaza. Tukishataja bei tunapenda kuijazia maneno, "lakini tunaweza kuongea," "kama ni kubwa nitapunguza," na mwenzetu hata hajafungua mdomo. Mwache afikirie. Akivuta chini, wewe unajua mwisho wako ni 2,300. Akishuka zaidi ya hapo mshukuru, beba chupa zako.

Na mtaani pandisha iwe 3,000. Hakuna duka litakaloweka achari yako rafuni kwa bei hiyo au zaidi wakati barazani kwako inapatikana kwa 2,500. Majirani watalalamika wiki moja hivi. Waeleze kwa upole kwamba chupa na mafuta vimepanda.

Mama yako simpingi. Msemo ule unafaa pale ambapo watu wote wameshaonja chungu chako. Dukani na hotelini hawajaonja. Kwa hiyo huna haja ya kujisifu hata kidogo. Chukua muhogo wa kuchoma, ukate vipande vidogo, beba vijiti vya meno na chupa moja iliyofunguliwa. Hotelini nenda saa nne asubuhi, chai ya asubuhi imekwisha na pilikapilika za mchana bado. Muulizie mpishi mkuu. Mwambie jina lako, unatoka wapi, unapika nini, na mpe kipande. Mpishi akishaonja ataanza kuuliza mwenyewe: ikifunguliwa inakaa muda gani? Ina mafuta gani? Mzigo wa leo na wa mwezi ujao utakuwa na ukali uleule? Haya ndiyo ya kuyafanyia mazoezi, tena usiyafanye mbele ya kioo. Mpe jirani mkorofi kidogo barua hii, akuulize huku akikukatiza katikati, hadi majibu yatoke bila kutafutwa. La ukali lijibu kwa mizani: pima pilipili kwa gramu, andika, usikadirie kwa kiganja.

Watakuuliza pia alama ya ubora. Wengi bado wanasema TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, lakini tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, hapo hapo Tanga. Waeleze unachopika, omba mafunzo ya usindikaji na barua ya kukutambulisha TBS. Wakati unasubiri, usiseme "bado sijapata" ukiangalia chini. Sema umefikia hatua gani, na uwe na nakala ya karatasi mkononi. Msimamizi wa duka anapenda kuona karatasi.

Kaka yako msipoteze upendo kwa hili, lakini asiende kusema kwa niaba yako. Akiulizwa embe zinaanikwa saa ngapi atabuni jibu, na mpishi aliyekaa jikoni miaka ishirini atamjua papo hapo. Siku ya kushusha mzigo mwite: hamsini za vioo ni nzito, na mtu wa maneno ndiye anayefaa kupatana na wa bajaji.